Springi na shokapu za mbele: ukibadilisha, simama hapo uangalie

Vijana mnaolima zabibu upande wa Hombolo na Mpunguzi mnaniuliza sana kuhusu kreti na saa ya kuvuna. Maswali mazuri. Lakini kuna mizigo inatoka shambani asubuhi ikiwa nzima, imepangwa vizuri, halafu inafika mjini inavuja maji. Ukiuliza kuhusu gari unajibiwa, "Lipo poa, ila mbele linadunda kidogo." Basi leo tuache shamba kidogo, tuongee gari.

Kwanza tuelewane. Springi ndiyo inabeba uzito. Shokapu haibebi uzito, kazi yake ni kuituliza springi. Ndani yake kuna mafuta na pistoni yenye matundu madogo. Tairi likiingia shimoni, mafuta yanalazimishwa kupita kwenye yale matundu kwa shida, na ile nguvu ya kudunda inageuka joto. Shokapu ikifa, springi inabaki inadunda peke yake: shimo moja tu, kreti zako zinarushwa mara nne, tano. Tairi nalo linaanza kulika kwa mabonde mabonde. Ukiona shokapu imelowa mafuta mpaka yanachuruzika, hiyo imekwisha.

Kwenye kirikuu nyingi, Probox na Noah, mbele springi imevalishwa juu ya shokapu, vyote ni kitu kimoja. Mpangilio huu unaitwa MacPherson, kwa jina la mhandisi wa Marekani aliyeubuni. Nyuma ya kirikuu ni vyuma bapa vilivyopangwa, hiyo ni habari nyingine.

Sasa sikilizeni hapa, maana hapa watu wanaumia. Springi ikiwa kwenye shokapu imebanwa muda wote, hata kama gari liko juu ya jeki na tairi linaning'inia. Kinachoizuia isifyatuke ni nati moja tu, ile ya katikati juu. Fundi akiifungua hiyo nati kabla hajaibana springi kwa klampu, ile springi na kofia yake vinaruka kwa nguvu ya kuvunja taya au kuua. Nimewaona mafundi wanafunga springi kwa waya, wengine kwa kamba ya katani. Ukiona hivyo, chukua gari lako uondoke. Usione aibu.

Kazi yenyewe inaenda hivi. Gari likae juu ya stendi, siyo jeki peke yake, na matairi ya nyuma yawekewe kigingi. Kabla ya kufungua chochote, piga alama za chaki au rangi: kofia ya juu ilikaa upande gani, springi ilianzia wapi, na boliti za chini zilikaa vipi. Paipu ya breki ifunguliwe kwenye shokapu, na habu isiachwe ining'inie kwenye hiyo paipu. Ile nati ya katikati isiguswe bado. Fungua boliti za chini na nati ndogo za juu kwenye bodi, kitu kizima kitoke.

Klampu ziwe mbili, zitazamane, zishike pete nyingi za springi kadiri inavyowezekana. Zikazwe kwa zamu, mizunguko michache huku, michache kule, kwa spana ya mkono. Ukikaza upande mmoja sana springi inapinda na inaweza kuchomoka. Springi ikishalegea kwenye vikalio vyake, ukaweza kuizungusha kwa mkono, hapo ndipo nati ya katikati inafunguliwa. Uso usiwe juu yake.

Shokapu mpya isifungwe moja kwa moja kutoka kwenye boksi. Isimamishe wima, isukume mpaka chini na uivute mpaka juu mara nne au tano, taratibu, hewa itoke kwenye mafuta. Ikivutika kwa uzito ule ule juu hadi chini, iko tayari. Ile rodi inayong'aa isishikwe na plaizi hata mara moja. Mkwaruzo mdogo tu unakata sili, na mafuta yataanza kuvuja.

Rudisha raba ya kuzuia kugonga na kava la vumbi. Mafundi wengi wanazitupa kwa kuwa zimechakaa, wanaacha wazi. Kwa vumbi letu la Dodoma, shokapu isiyo na kava haidumu. Kisha springi ikae: ncha yake ya chini ifike kwenye kile kidato cha kikalio, isikipande. Weka kofia na beringi yake kwa kufuata alama, kaza nati mpya ya katikati, halafu klampu zilegezwe kwa zamu kama zilivyokazwa, huku mkiangalia ncha zote mbili hazihami.

Badilisha kushoto na kulia kwa pamoja. Mpya upande mmoja na mzee upande wa pili, gari litavuta ukishika breki.

Kuna mtindo wa kuweka vipande vya raba kati ya pete za springi ili gari "libebe zaidi". Gari linainuka, ndiyo, ila uwezo wake hauongezeki. Kirikuu zile ndogo za Japani zilitengenezwa kubeba kilo 350. Kwa kreti za kilo 20 hiyo ni kreti 17. Wewe unaweka 40, halafu unamlaumu aliyekuuzia shokapu! Afadhali safari mbili. Na springi isikatwe wala kuchomwa moto, chuma kinapoteza ugumu wake.

Boliti za chini zenye raba zikazwe mwisho gari likiwa limekaa kwenye matairi yake, la sivyo raba zinajipinda na kuchanika mapema. Halafu pitia alaimenti kabla hujapakia mzigo wowote. Baada ya safari mbili tatu za shambani, rudi kwa fundi akague nati za juu kama zimelegea.