Lawama hazirudishi maji mtoni

Wahenga walisema kwamba nyani haoni kundule, huliona la mwenziwe. Methali hiyo nimeifundisha kwa miaka mingi hapa Embu, lakini maana yake ilinifika moyoni siku mwanafunzi mmoja wa kidato cha tatu aliponiuliza swali mbele ya wenzake.

Nilikuwa nikieleza mabadiliko ya tabianchi. Niliwaonyesha Mlima Kenya kupitia dirishani, nikawaambia kuwa mto wa barafu uitwao Lewis ulipoteza takriban asilimia 90 ya ujazo wake kati ya mwaka wa 1934 na 2010. Nikayashutumu vikali mataifa ya viwanda yaliyochoma makaa ya mawe na mafuta kwa zaidi ya karne moja. Nilipomaliza, kijana huyo akainua mkono.

"Samahani, Mwalimu," akasema. "Ile mikaratusi iliyo kando ya kijito kule kwenu, nayo ilipandwa na mataifa ya viwanda?"

Darasa zima liliangua kicheko. Mimi sikucheka. Mikaratusi ile ni yangu. Niliipanda mwenyewe ukingoni kabisa, kwa kuwa hukua upesi na wanunuzi wa nguzo na kuni hawakosekani. Ndiyo iliyomlipia kifungua mimba wangu karo. Lakini tangu ikomae, majirani walio chini yangu huchota maji kwa zamu kila kiangazi.

Sisemi kwamba miti yangu ndiyo iliyoyeyusha barafu. Ni kweli pia kuwa mchango wa Kenya katika gesi zinazoipasha dunia joto ni mdogo mno, na wanaodai fidia kutoka kwa mataifa tajiri wana haki. Hata hivyo, sehemu kubwa ya maji ya mito yetu hutokana na mvua inayohifadhiwa na msitu na udongo, wala si barafu. Kati ya 2020 na 2023 ukame mkali uliikumba nchi. Mwaka wa 2024 yakaja mafuriko. Ukingo ulionyonywa maji na kukosa majani ya kuushikilia huumizwa na yote mawili.

Tena kijito changu si changu peke yangu. Humwaga maji katika Rupingazi, Rupingazi huingia Thiba, na Thiba huingia bwawa la Kamburu, ambako maji hugeuzwa kuwa umeme. Taa anayosomea mwanafunzi bwenini yawezekana imeanzia shambani mwa mwalimu wake.

Si kwamba hatukuambiwa. Mwaka wa 2009 marehemu John Michuki, aliyekuwa Waziri wa Mazingira, aliagiza mikaratusi ing'olewe kandokando ya mito. Kifungu cha 69 cha Katiba ya 2010 kinamtwika kila mtu wajibu wa kushirikiana katika kuyahifadhi mazingira. Na kabla ya sheria hizo, wazee wetu walikuwa na zao: kule Meru, msitu mtakatifu wa Giitune ulilindwa kwa mila na wazee wa Njuri Ncheke. Marehemu Profesa Wangari Maathai naye, alipoanzisha Vuguvugu la Ukanda wa Kijani mwaka wa 1977, alianza na miche michache mikononi mwa akina mama wa kawaida. Hakungoja mataifa makubwa yatubu.

Basi nimeamua. Mikaratusi ya ukingoni nitaikata na visiki vyake nitaving'oa. Mahali pake nitapanda mikuyu na mianzi. Mingine nitaiacha kule juu kwenye mwinuko mkavu, mbali na maji. Sitadanganya kwamba hasara ni ndogo, kwani nina mtoto mwingine anayekaribia kuingia sekondari, na mkuyu haulipi karo. Lakini siwezi kuendelea kufundisha somo ambalo shamba langu mwenyewe linalikanusha.

Walimu wenzangu, kabla hatujawaonyesha wanafunzi moshi wa ng'ambo, tuutazame kwanza ukingo wa mto wetu. Nanyi wanafunzi, msichoke kutuuliza maswali ya kutuaibisha. Yule aliyeniuliza swali nimemwomba aje anisaidie kuchimba mashimo mvua zikianza. Amekubali, ila kwa sharti moja: kwamba nami nishike jembe.