Mahakama za Mihadarati na Afya ya Mraibu Nchini Marekani

Wahenga walinena kuwa mficha maradhi kifo humuumbua. Methali hii inasadifu hali ya Wamarekani wengi wanaofikishwa mahakamani kwa makosa yatokanayo na uraibu: kosa huonekana na wote, maradhi yakabaki yamefichika. Makala haya yanafafanua mahitaji ya kiafya ya washiriki wa mahakama za mihadarati nchini humo.

Mahakama ya kwanza ya aina hii ilianzishwa mwaka wa 1989 jijini Miami, jimbo la Florida, wakati kokeini aina ya kreki ilikuwa imezagaa mitaani na magereza yamejaa pomoni. Badala ya kumfunga mshtakiwa, hakimu humwelekeza kwenye matibabu kwa muda wa takriban mwaka mmoja au zaidi. Mshiriki hupimwa mkojo mara kwa mara, hutuzwa anapofaulu na huadhibiwa anapokiuka masharti. Anayehitimu huweza kufutiwa mashtaka. Leo mahakama hizi zimepita 3,000.

Hata hivyo, uraibu hauji peke yake. Kushirikiana sindano hueneza virusi vya UKIMWI na homa ya ini aina ya C. Wengi huugua sonona au huandamwa na kumbukumbu za dhuluma walizotendewa. Wengine wameoza meno. Aliyekesha akiumwa na jino atawezaje kumsikiliza mshauri nasaha asubuhi? Ndiposa maumivu yasiyotibiwa humrudisha mtu kule kule alikotoka.

Aidha, suala la dawa limezua mvutano mkubwa. Methadoni na buprenofini hutuliza ile hali ambayo waraibu wa pwani yetu huiita arosto, na hupunguza vifo vya watumiaji wa heroini. Licha ya hayo, baadhi ya mahakimu waliziona kuwa ulevi uliobadilishwa jina tu, wakawaamuru washiriki waziache. Amri hiyo ni ya hatari. Mwili uliokaa bila heroini hupoteza ustahimilivu wake, na anayerejelea kipimo chake cha zamani huweza kufa papo hapo. Mnamo 2015, serikali ya shirikisho iliweka sharti kwamba mahakama zinazopokea fedha zake zisimnyime mshiriki dawa alizoandikiwa na daktari.

Isitoshe, kuna swali la gharama. Sheria ya afya ya mwaka wa 2010 iliwezesha majimbo kupanua bima ya umma ya Medicaid kuanzia 2014 ili iwafae watu wazima wa kipato cha chini. Florida, chimbuko la mahakama hizi, haijaupokea upanuzi huo. Vidonge vinavyoponya homa ya ini aina ya C kwa majuma 8 hadi 12 vipo, lakini bei yake ni ghali kwa asiye na bima. Vilevile, kwa kawaida Medicaid haimgharamii aliye kizuizini. Hivyo, mshiriki anayefungwa siku chache kwa kukosea masharti huweza kukatiziwa tiba ile ile aliyoamriwa kuifuata.

Kwa kuhitimisha, mkojo safi ni ushahidi wa siku moja tu. Mahakama inayomtaka mraibu apone haina budi kuhakikisha kwamba mlango wa zahanati uko wazi kama ulivyo wa kizimba.