Uzito Umfaao Mwanamume
Wako wengi wadhanio kuwa kitambi ni dalili ya afya na neema. Sivyo: mafuta yakizidi mwilini huleta kisukari na maradhi ya moyo. Basi kila mwanamume na apimwe.

Hesabu yake yatokana na Quetelet, mtaalamu wa Ubelgiji, tangu mwaka 1832. Urefu kwa mita huzidishwa kwa urefu huo huo. Kisha uzito kwa kilo hugawanywa kwa jibu lipatikanalo. Mwenye mita 1.70 hupata 2.89; akiwa na kilo 65, jibu ni 22.5. Lifaalo ni kati ya 18.5 na 25. Kwake yeye, kilo 54 hadi 72.

Apunguaye au azidiye na amwone daktari mapema.