Bila chanjo, hakuna kazi?

Watumishi wa mine, na ninyi mama na watoto munaowangojea nyumbani, swali hili tunalisikia ndani ya bisi za kazi, toka Likasi mpaka Kolwezi: patron anaweza kusema, «Kama hauna chanjo, usiingie»?

Tusikatae mbiombio. Wote tunajua karte ya homa ya manjano. Ukitoka inchi ingine, pale Luano wanaiomba, ukiwa directeur ao mutumishi. Watu wanaikubali, juu ni Serikali inayoiomba, tena kwa wote.

Lakini Covid ilituachia kidonda. Mwaka wa 2020, sosiete fulani zilifungia watumishi ndani ya mine wiki na wiki, mbali na jamaa zao, ili kazi isisimame. Chanjo ikaanza kutolewa tarehe 19 Aprili 2021. Inchi ilikuwa imepokea dozi karibu 1.700.000, nyingi zilipelekwa inchi zingine mbele ziharibike, juu watu waliogopa. Rais mwenyewe alichanjwa mwezi wa Septemba. Basi mutu aliyefungiwa jana, leo ukimwambia «leta mukono», atawaza nini? «Banachunga shaba yabo, haiko miye.»

Sheria ya kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002 inasema mambo mawili yanayotugusa. Patron anapaswa kutunza afya ya mutumishi na ya jamaa yake. Na mutu wa kontra isiyo na mwisho hafukuzwi bila sababu ya kweli: uwezo wake, mwenendo wake, ao mahitaji ya kazi.

Sisi tunaona hivi. Patron akitaka chanjo, alete kwanza munganga aeleze kwa Kiswahili, na mama wa nyumba wasikie. Chanjo iwe bure. Siku ya homa kisha sindano ilipwe kama siku ya kazi. Watu wa sous-traitance wapate sawa na wengine. Mwenye ugonjwa unaokataza sindano asiguswe. Mwenye kuogopa apewe wakati, ao kazi ingine, asifukuzwe. Na lazima yenyewe itoke kwa Serikali, si kwa patron peke yake.

Wakikuletea karatasi ya kusaini, usisaini pale pale. Ipeleke kwanza kwa delege wa sendika, muisome pamoja.