Radi ya Kutumwa na Radi ya Kuchokozwa

Radi inapoua mtu katika vijiji vya Kasongo na Kabambare, kusini mwa Maniema, huulizwa mara nyingi ni nani aliyeituma. Swali hili, ambalo husikika pia kwingineko barani Afrika, si la mchezo, kwani jibu lake huangukia jirani, na mara nyingi jirani huyo ni mzee asiye na mtetezi. Hata hivyo, kanda yenyewe haina upungufu wa radi. Takwimu za setilaiti za 1998 hadi 2013, zilizochapishwa mwaka 2016, ziliipa Kampene, iliyoko kaskazini mwa Kasongo, mimweko ipatayo 176 kwa kila kilomita ya mraba kwa mwaka. Katika Afrika nzima ni Kabare tu, ya Kivu Kusini, iliyoizidi.

Je, binadamu aweza kuleta radi? Aweza, ila si kwa namna isemwayo. Huko Ufaransa tangu 1973, na baadaye Camp Blanding, Florida, tangu 1993, watafiti walirusha roketi ndogo kuelekea wingu la mvua, nayo ikivuta waya mwembamba wa shaba ambao ncha yake ya chini ilibaki ardhini. Roketi ikifika mita mia mbili au tatu, mkondo wa umeme huchomoza kwenye ncha ya juu na kupanda wenyewe hadi winguni. Waya huyeyuka na kuwa mvuke.

Hapo ndipo tofauti ilipo. Radi ya asili, kwa kawaida, huanza winguni: kitangulizi hushuka kwa hatua za makumi ya mita, na kinapokaribia mti au nyumba hulipuka pigo la kwanza, lenye kilele cha ampea 30,000 hivi. Mapigo yafuatayo hupita njia iliyokwisha kupata joto, nayo huwa na ampea 10,000 hadi 15,000. Radi ya roketi haina pigo hilo la kwanza. Mahali pake pana mkondo wa mamia machache tu ya ampea, udumuo sehemu kadhaa za kumi za sekunde. Mapigo yake ya baadaye, lakini, hulingana mno na yale ya asili. Kwa hiyo vipimo vyake ni hoja nzuri kuhusu mapigo ya baadaye, wala havitoshi kueleza pigo la kwanza.

Kwa upande wa istilahi, kitenzi "kutuma" hakifai. Kinachofaa zaidi ni "kuchokoza", kwani nyuki huchokozwa wakiwa tayari mzingani. Wingu lazima liwe limekwisha kujaa chaji, tena juu ya kichwa cha mchokozi mwenyewe. Na pigo hushuka pale pale waya ulipofungwa, si kwenye boma la jirani wa kijiji cha pili. Hata Camp Blanding, penye vipimo vya kila aina, roketi nyingi zilirushwa chini ya mawingu yaliyojaa na radi haikuja.