Nafasi ya Ultrasaundi katika Uchunguzi wa Saratani ya Matiti: Mtazamo wa Ndama, Karagwe
Mamografia hutumia eksirei. Kwa mwanamke aliye chini ya miaka 30, ambaye kwa kawaida tishu za titi lake zina msongamano mkubwa, uvimbe huweza kufichika katika weupe wa picha. Ultrasaundi hutofautisha uvimbe wa majimaji na ule wa nyama, tena humwongoza daktari anapochoma sindano ya kuchukua kinyama. Kwa mgonjwa wa Ndama aliyekwisha kuupapasa uvimbe mwenyewe, hicho ndicho kipimo cha kuanzia. Hata hivyo, picha, iwe safi namna gani, haithibitishi saratani. Uthibitisho hutoka maabara ya patholojia. Ndipo umbali unapoingia: kinyama kinachopelekwa Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Bugando, Mwanza, hufika upande wa pili wa Ziwa Victoria, na tiba haipangiki mpaka majibu yarudi Karagwe.