Mbegu ya Kibuyu ni Amana

Katika nyumba nyingi za Uhehe, Usangu, Unyiha na Unyakyusa, kabla dumu la plastiki halijaenea hadi vijijini, kibuyu kilikuwa chombo cha kila haja: kiliteka maji, kiligandisha maziwa, kilibeba togwa ya wavunaji, kilihifadhi mbegu za msimu ujao, na mgeni aliyekirimiwa ulanzi aghalabu aliupokea ndani yake. Leo chombo hicho huonekana zaidi sokoni kwa wauza mapambo, na katika aila nyingi mbegu yake imetoweka pasipo mtu kukusudia kuipoteza; ilipokosa kazi haikupandwa, na ilipokosa kupandwa misimu kadha wa kadha ilikufa ndani ya kitambaa ilimofungwa. Kwa hiyo nasema kwamba mbegu ya kibuyu ni amana isiyotunzwa kwa kuwekwa tu bali kwa kupandwa, na kwamba bustani ndogo ya nyumbani, ikiangaliwa kwa ilimu na subira, yatosha kuwa hazina yake.

Mmea wenyewe, ambao wataalamu huuita Lagenaria siceraria, ni wa nasaba kongwe. Asili yake ni bara hili la Afrika, na katika Zimbabwe umepatikana ukimea mwituni. Huko Amerika mabaki yake yamefukuliwa katika makazi ya watu walioishi miaka ipatayo 10,000 iliyopita, na uchunguzi wa chembe za urithi uliotangazwa mwaka 2014 ulionyesha kuwa vibuyu hivyo vya kale vina udugu na vya Afrika, na kwamba yamkini vilivuka Atlantiki kwa kuchukuliwa na mikondo ya bahari, kwani buyu kavu huelea, na mbegu zake zilipojaribiwa zilionekana zingali hai baada ya miezi mingi katika maji ya chumvi. Hapa kwetu Wahehe walilitia buyu hata katika muziki: ligombo, ala yao ya nyuzi iliyochongwa kwa mti, hufungiwa buyu ili sauti yake ivume, na Hugh Tracey alipopita Tanganyika mwaka 1950 kurekodi muziki wa wenyeji, ligombo lilikuwa miongoni mwa ala alizozinasa.

Majira ya Nyanda za Juu Kusini yanaafikiana vyema na tabia ya mmea huu. Mvua zetu ni za msimu mmoja. Huanza Novemba au Desemba na kukoma Aprili au mapema Mei, kisha hufuata kiangazi kirefu. Kibuyu kinahitaji miezi minne au mitano ya joto na unyevu ili kikue na kukomaa, na baada ya hapo miezi mingine mikavu ili kikauke, na yote mawili tumejaliwa. Illa si kila mahali hapa ni sawa. Katika mabonde yenye joto, mathalani Pawaga na Idodi upande wa Iringa, au Usangu na Kyela upande wa Mbeya, mbegu hupandwa moja kwa moja ardhini mvua za kwanza zinapolowesha udongo. Lakini katika miinuko ya Mufindi, Kilolo na Mbeya mjini, ambako baridi huchelewesha mche na kuuviza, ni heri kuziotesha mwezi wa Oktoba ndani ya vikopo vilivyowekwa karibu na joto la jiko, na kuhamishia miche bustani mvua zikishatulia.

Ganda la mbegu ni gumu, kwa hiyo ilowekwe katika maji ya uvuguvugu kwa muda wa siku moja, kisha ifukiwe kina cha sentimita 2 au 3, mbili katika kila shimo, nayo huchipua baada ya wiki moja hadi mbili. Shimo lijazwe udongo uliochanganywa na samadi iliyooza barabara, na kati ya shimo na shimo pawe na nafasi ya mita 2 au zaidi, kwa maana mmea huu hutambaa mbali. Mwenye kupenda shingo iliyonyooka, kama ile ya kata ya kutekea maji, na ajenge chanja imara la mianzi, ambayo haiadimiki Iringa, ili matunda yaning'inie. Tunda lilalalo chini hujipinda, na mahali penye mvua nyingi kama Tukuyu huoza upande uliogusa matope. Shina kuu litambaalo likifika kadiri ya mita 3 likatwe ncha, kwani maua majike huzaliwa zaidi katika matawi ya pembeni.

Sasa twafikia jambo ambalo ndilo roho ya kazi yote, nalo ni ua. Ua la kibuyu ni jeupe, hufunguka jua linapotua na kunyauka kesho yake, na wanaolitembelea ni nondo, wale wadudu warukao usiku. Mmea mmoja huzaa maua ya namna mbili: dume husimama juu ya kikonyo kirefu chembamba, na jike hujulikana kwa kibuyu kidogo mno kilicho chini yake. Ikiwa wewe umepanda dundu kubwa la maji ilhali jirani amepanda kitoma cha shingo nyembamba, nondo hawatambui mpaka, na mbelewele za huku zitachukuliwa kule. Tunda la mwaka huu halitaonyesha dalili yoyote, kwa kuwa umbo lake hutoka kwa mama. Mchanganyiko umo katika mbegu zilizo ndani, na utadhihirika msimu ujao yatakapozaliwa maumbo yasiyofanana na chochote alichokuwa nacho babu. Maboga na matango hayana dhara katika jambo hili, maana ni ya jinsi nyingine.

Dawa yake ni nyepesi. Alasiri, kabla maua hayajafunguka, chagua majike mawili matatu na madume kadhaa ya mmea wenye umbo unalolitaka, uyafunge vinywa kwa uzi laini. Jioni yafungue, chuma dume, paka mbelewele zake katikati ya jike, kisha ulifunge tena jike na kutia uzi wa rangi katika kikonyo ili tunda hilo lisichanganywe na mengine. Matunda yenye alama ndiyo ya mbegu. Yaliyosalia yawe ya vyombo, na machanga yake, yaani mamumunye, yawe ya mboga. Hapa pana onyo la lazima: mumunye lenye ladha chungu lisiliwe kamwe, hata likipikwa, kwani uchungu huo ni sumu iwezayo kumdhuru mtu vibaya.

Usivune kibuyu mpaka kikonyo chake kikauke. Kikate na kipande cha kikonyo, ukiinue juu ya uchaga penye kivuli na upepo, wala ukungu utakaoota juu ya ganda usikutie hofu, maana ni sehemu ya kukauka kwake, ila kikilainika kitupe. Kwa muda wa miezi miwili hadi sita kitakuwa chepesi na mbegu zitacheza ndani. Ndipo utoboe, utoe mbegu, utie maji na vijiwe vidogo na kutikisa, ukirudia mara nyingi hadi uchungu uishe. Mbegu nene zilizojaa zikaushwe, zichanganywe na majivu, na kuwekwa katika chombo kilichofungwa, mahali pakavu penye ubaridi.

Serikali ina kituo cha kuhifadhi mbegu za asili Arusha, na mataifa yana ghala la Svalbard, Norway, lililofunguliwa mwaka 2008. Ni hazina za kushukuriwa. Hata hivyo ghala halifundishi mkono kufunga ua jioni, wala halijui ni umbo gani bibi alilipendelea kwa maziwa. Basi, ndugu msomaji wa Mbeya na Iringa, kabla ya mvua za Novemba mwendee mzee aliye na mbegu, umwombe chache pamoja na historia yake, uzipande katika pembe moja ya bustani yako, na ukivuna, nusu ya mbegu umpe jirani. Kwani mbegu iliyo katika nyumba mbili haipotei kwa msiba wa nyumba moja.